Wafungaji wa Simba na Yanga katika Kumbukumbu za Kasansa

Mashabiki wa Simba na Yanga wa Kasansa waliwajua wafungaji wa timu zao kwa masikio miaka mingi kabla ya kuwaona kwa macho. Kata hiyo ya Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, iko katika bonde la Ziwa Rukwa. Msafiri anayetoka Mpanda huvuka Mto Katuma pale Sitalike, akapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akafika Kibaoni na Usevya, ndipo aelekee upande wa Majimoto, Mamba na Kasansa. Reli ya tawi la Kaliua, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, iliishia Mpanda mjini. Gazeti, barua na mgeni kutoka Dar es Salaam walishuka hapo, na safari iliyobaki ilitegemea lori, baiskeli au miguu. Kilichofika bondeni siku ileile ni sauti ya redio. Jambo hilo moja linaeleza kwa nini baadhi ya wafungaji wanatajwa hadi leo huko, na wengine waliofunga mabao mengi zaidi wamesahaulika.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba ikafuata mwaka 1936 ikiwa na jina la Queens. Baadaye ikaitwa Eagles, kisha Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza. Yanga ikaja kutawala kwa kuchukua ubingwa mara tano mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1972. Hizi ni timu za Kariakoo, Yanga ya Jangwani na Simba ya Msimbazi, lakini ligi iliposikika nchi nzima hazikubaki kuwa mali ya Dar es Salaam. Mwalimu aliyehamishiwa Mpanda, askari, karani, mfanyakazi wa reli na mfanyabiashara wa samaki na mpunga, kila mmoja aliingia bondeni na timu yake moyoni. Tangu miaka ya 1970 waliongezeka pia wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia ardhi ya Wapimbwe kutafuta malisho na mashamba.

Chombo kilichowaunganisha ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio katika kijiji zilikuwa chache, na yenye betri nzima siku ya mechi ilikusanya watu wa nyumba nyingi. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Waya ulifungwa kwenye antena, ukapandishwa juu ya mti au paa, na mtu mmoja akakaa karibu na kisahani cha kutafutia stesheni, kwa sababu masafa mafupi yalikuwa yakipanda na kushuka. Sauti ikizama wakati wa shambulizi, kundi zima lilikaa kimya likisubiri irudi, na mara nyingi iliporudi bao lilikuwa limeshaingia. Jina la mfungaji ndilo jambo la kwanza lililoulizwa. Watangazaji kama Ahmed Jongo waliwafanya wasikilizaji waone uwanja ambao hawakuwahi kuukanyaga: upande wa Chang'ombe, goli la kusini, nani yuko kushoto na nani amebaki nyuma. Mfungaji aliyejulikana kwa njia hiyo alikuwa jina, lakabu na namna alivyopiga mpira. Sura yake ilikuja baadaye, katika picha ya gazeti la Uhuru au Mzalendo iliyobandikwa ukutani dukani au kinyozini.

Ushindi wa Yanga wa mabao 5-0 dhidi ya Sunderland, tarehe 1 Juni 1968, ndio mzizi wa kumbukumbu za upande wa Jangwani. Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na Kitwana Manara moja. Dilunga, aliyepewa lakabu ya Mexico, alikuwa kiungo mwenye akili ya mchezo na mguu wa kufunga, na jina lake limedumu kuliko majina ya washambuliaji kadhaa waliocheza mbele yake. Familia ya Manara nayo iliacha alama ya pekee, kwani baada ya Kitwana alikuja mdogo wake Sunday, ambaye mashabiki walimwita Computer, na baadaye Kassim aliyekwenda kucheza Austria.

Sunday Manara ndiye aliyefunga bao ambalo kanda ya magharibi na ya ziwa inalitaja kwa fahari zaidi, kwa kuwa halikufungwa Dar es Salaam. Tarehe 10 Agosti 1974, Simba na Yanga zilikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua bingwa wa taifa. Adam Sabu aliitanguliza Simba katika dakika ya 16. Bao hilo likakaa. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikasonga, na dakika za mwisho zikaingia huku Simba ikiwa bado mbele. Dakika ya 87 Gibson Sembuli, mtu aliyeogopwa kwa mashuti, akasawazisha. Mechi ikaenda muda wa nyongeza, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Yanga ikawa bingwa. Kwa msikilizaji wa redio hakuna mechi iliyopangika vizuri kuliko hiyo: saa nzima na zaidi ya kungoja, bao la kuokoa roho zikiwa zimebaki dakika tatu, kisha bao la ubingwa. Sembuli anakumbukwa kwa dakika ile kuliko kwa jumla ya mabao yake yote. Manara alikuja kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya, katika klabu ya Heracles ya Uholanzi, lakini kwa mashabiki wa rika lile sifa yake kubwa imebaki Nyamagana.

Miaka mitatu baadaye kibao kiligeuka. Yanga ilipasuliwa na mgogoro wa mwaka 1976, na nyota wake wengi wakaondoka wakaunda Pan African. Tarehe 19 Julai 1977 kikosi kilichobaki kilikutana na Simba iliyokuwa katikati ya utawala wake wa ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Simba ilishinda 6-0. Abdallah Kibadeni, aliyeitwa King, alifunga la kwanza mapema katika dakika ya 10, akaongeza la pili kabla ya mapumziko, na akafunga la tatu dakika ya 89. Jumanne Hassan Masimenti alifunga mawili katika kipindi cha pili, na bao jingine beki Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Kibadeni ndiye mchezaji anayetambulika kuwa amefunga mabao matatu katika mechi moja ya Simba na Yanga, watani wa jadi.

Mashabiki wa Yanga hawakuacha kukumbusha kwamba timu iliyofungwa siku hiyo haikuwa Yanga kamili, na hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo haimpunguzii Kibadeni hadhi yake. Alikuwa mfupi wa umbo, mwepesi wa kugeuka, na alijua pa kusimama beki anapochelewa. Mafanikio yake hayakuishia uwanjani, kwani mwaka 1993 aliiongoza Simba, safari hii akiwa kocha, hadi fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Simba ilitoka sare ya bila kufungana ugenini, ikapoteza 2-0 nyumbani. Wafungaji wachache sana wa Afrika Mashariki wana historia ya namna hiyo katika klabu moja, na si ajabu kwamba upande wa Msimbazi jina lake hutajwa la kwanza, awe msemaji alimwona au alizaliwa baada yake.

Timu ya taifa ilitia nguvu kumbukumbu hizi, kwa sababu siku ya Taifa Stars redio moja ilisikilizwa na watani wote bila ugomvi. Mwezi Agosti 1979, mjini Ndola, Peter Tino aliisawazishia Tanzania dhidi ya Zambia, na sare ya 1-1 ikaipeleka nchi katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 huko Nigeria. Katika fainali hizo Juma Mkambi wa Yanga aliifunga Nigeria, na Thuwein Ally wa Simba akazifunga Misri na Ivory Coast. Tanzania ilitolewa katika hatua ya makundi, lakini majina hayo matatu yalibaki kwa sababu nchi ilingoja takriban miaka arobaini kabla ya kufuzu tena, mwaka 2019.

Miaka ya 1980 ilikuwa na washambuliaji hodari kuliko wanavyoandikwa. Simba ilikuwa na Zamoyoni Mogella, Golden Boy, na Yanga ilikuwa na Makumbi Juma na Abeid Mziba, aliyeitwa Tekero, mtu wa vichwa. Tatizo la kipindi hicho ni hesabu. Orodha za mabao ya msimu hazikutunzwa kwa utaratibu ambao mtu wa leo angeutegemea, mashindano yalikuwa mengi na mifumo ya ligi ilibadilika, huku ligi ya Bara ikienda sambamba na ligi ya Muungano. Kwa hiyo mabishano kuhusu Mogella na Mziba hayana namba ya kuyamaliza. Huamuliwa kwa mechi: nani alimfunga nani, siku gani, beki alikuwa nani. Ni hasara kubwa kwa historia ya soka la Tanzania kwamba wafungaji wa kizazi kizima wanategemea vinywa vya wazee ambao wanapungua kila mwaka.

Katika miaka ya 1990 namba zilianza kushika nafasi. Said Mwamba, maarufu kwa jina la Kizota, na Edibily Lunyamila waliipa Yanga ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1993 mjini Kampala, mbele ya SC Villa. Kisha, msimu wa 1999, Mohamed Hussein wa Yanga, aliyeitwa Mmachinga, alifunga mabao 26 katika ligi. Idadi hiyo ndiyo rekodi ambayo kila mfungaji bora aliyefuata amepimwa nayo. Mmachinga anasimama mahali pa pekee katika historia hii: ni mtu wa mwisho wa enzi ya redio na wa kwanza wa enzi ya takwimu. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na umeme wa kuiwasha haukuwapo katika vijiji vingi vya Rukwa ya wakati huo, mkoa ambao Katavi ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012. Lakini magazeti ya michezo yalikuwa yameongezeka. Yalifika Mpanda kwa kuchelewa, yakapita mkono kwa mkono hadi yakachakaa, na yalileta kitu ambacho redio haikuwa nacho: jedwali la wafungaji, linaloweza kukatwa na kuhifadhiwa.

Jedwali hilo likaanza kujaa majina ya wageni. Boniface Ambani kutoka Kenya aliongoza msimu wa 2008/09 akiwa Yanga, kwa mabao 18, na msimu uliofuata Musa Hassan Mgosi wa Simba akafunga idadi hiyohiyo. Azam, klabu iliyopanda ligi kuu mwaka 2008, ikavunja ukiritimba wa watani: Mrisho Ngassa, John Bocco na Kipre Tchetche wa Ivory Coast waliongoza ufungaji misimu mitatu mfululizo wakiwa na jezi ya Azam, Bocco kwa mabao 19 na Tchetche kwa 17.

Mfungaji aliyewachanganya mashabiki kuliko wote ni Amissi Tambwe wa Burundi. Alikuja Simba mwaka 2013 akitokea Vital'O, na msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora kwa mabao 19. Desemba 2014 Simba ikamwacha, Yanga ikamchukua, na msimu wa 2015/16 akafunga mabao 21 na kuchukua tena tuzo ileile upande wa pili. Ni mara chache mno mtu mmoja kuwa mfungaji bora katika timu zote mbili za Kariakoo. Mkoani Katavi asili yake haikuwa ngeni. Makazi ya Katumba na Mishamo yaliwapokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wengi wao wakapewa uraia wa Tanzania baadaye, na majina ya Burundi ni majina ya majirani, wanafunzi wenzako na wateja wa sokoni. Baada ya Tambwe alikuja Mrundi mwingine, Saido Ntibazonkiza, ambaye naye alizichezea Yanga na Simba. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, linalopakana na mkoa huo upande wa Karema na Ikola, ni Kongo alikotoka Fiston Mayele, aliyeifungia Yanga.

Kati ya Tambwe na Mayele lilitokea badiliko kubwa la namna ya kutazama. Azam TV ilianza kurusha mechi za ligi kuu kuanzia msimu wa 2013/14, na mwaka 2021 ikaingia mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Banda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi, dishi na skrini, likachukua nafasi ya redio ya chini ya mti. Jenereta lilitoa umeme kabla ya sola na gridi. Kiingilio kidogo hulipwa mlangoni, Simba hukaa upande mmoja, Yanga mwingine. Sasa bao linaonekana likiingia, linarudiwa mara tatu, na ubishi wa kuotea unaamuliwa papo hapo au unaanza upya. Simu nayo imelifanya bao lichezwe tena njiani na shambani.

Badiliko hilo linaonekana katika kile kinachokumbukwa. Meddie Kagere, Mnyarwanda aliyetoka Gor Mahia ya Kenya, alifunga mabao 23 akiwa Simba msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, tuzo mbili mfululizo. Jicho moja alilolifunika kwa mkono kila alipofunga lilijulikana kama jina lake. Mayele alikwenda mbali zaidi. Alipofunga alisimama akatikisa mwili na mikono, na kutetema kukawa mchezo wa watoto, wa harusini na wa vijiweni nchi nzima. Msimu wa 2021/22 alipitwa kwa bao moja tu na George Mpole wa Geita Gold, 17 kwa 16, ingawa Yanga ilimaliza msimu huo bila kufungwa. Msimu wa 2022/23 alimaliza na mabao 17 sawa na Ntibazonkiza, aliyekuwa Simba, na akaongoza ufungaji wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao saba, Yanga ikifika fainali na kuukosa ubingwa kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Redio isingeweza kumpa mtu umaarufu wa aina hiyo, kwa kuwa mtetemo hauna sauti.

Namba zenyewe zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ligi ya msimu wa 2011/12, Bocco alipofunga 19, ilikuwa na timu 14, yaani mechi 26 kwa kila timu. Tambwe alifunga 19 yake ya 2013/14 katika ligi ya ukubwa huohuo. Ligi ya timu 16, yenye mechi 30, ndiyo waliyofungia Tambwe mabao 21 mwaka 2015/16, Emmanuel Okwi wa Simba mabao 20 mwaka 2017/18, na Stephane Aziz Ki wa Yanga mabao 21 mwaka 2023/24. Kagere alipofika 23 ligi ilikuwa na timu 20 na mechi 38. Ukigawa mabao kwa mechi za timu, Bocco na Tambwe wa misimu mifupi wanampita Kagere wa msimu mrefu. Aziz Ki anastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ni kiungo, na aliyemfuata, Feisal Salum wa Azam aliyefunga 19, ni kiungo pia. Msimu wa 2024/25 tuzo ilikwenda tena kwa kiungo, Jean Charles Ahoua wa Simba, kwa mabao 16. Namba tisa wa zamani, anayengoja krosi ndani ya boksi, hana tena umiliki wa jedwali hilo.

Pamoja na takwimu zote hizo, mechi ya watani ingali inatengeneza wafungaji wake yenyewe. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilishinda 5-0. Okwi alifunga mawili, na penalti tatu zikafungwa na Patrick Mafisango, Felix Sunzu na kipa Juma Kaseja. Mafisango alifariki kwa ajali ya gari siku kumi na moja baadaye, na penalti yake ikawa sehemu ya maombolezo. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, na kwa mara nyingine watu wa magharibi waliwapata watani karibu na kwao. Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji kutoka Uganda ambaye kazi yake haikuwa kufunga, aliipa Simba bao pekee katika dakika ya 80. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ililipa ya 2012 kwa ushindi wa 5-1, kwa mabao ya Kennedy Musonda, Aziz Ki, Pacome Zouzoua na mawili ya Max Nzengeli. Musonda, Lwanga na Kaseja hawamo katika orodha ya wafungaji bora wa msimu wowote, ilhali majina yao hutajwa mfululizo na yale ya Kibadeni, Dilunga na Sunday Manara. Katika orodha ya misimu, mabao 26 ya Mmachinga bado hayajafikiwa.